Mitihani Miwili, Orodha Moja

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mitihani mjini Voi, nilionyeshwa kiti na rundo la karatasi za majibu lililonifika kiunoni. Nilikuwa nimetoka kufundisha hesabu kule Mwanda miaka tisa, na nilishuka na sweta yangu ya milimani. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimeivua na kuikalia. Mkubwa wangu, Afisa wa Mitihani, alikuwa Bwana Mutua, Mkamba mtaratibu ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi. Hakuniuliza hata habari za safari.

"Mwalimu Wakesho," akasema, "darasani mtoto akikosa unajua ni nani na kwa nini amekosa. Hapa utaona namba tu. Usije ukadhani namba ndiyo mtoto."

Nikaitikia kwa adabu, nikaanza kujumlisha. Nilikuja kumwelewa baadaye, tena kwa aibu.

Nyinyi vijana mnaobonyeza kompyuta ikawapa jibu, acheni niwaeleze kazi ilivyokuwa. Kila mwisho wa mwaka, darasa la saba walifanya mtihani wa kuvuka kwenda la nane. Alama zilizotoka moja kwa moja kwa msahihishaji, kabla hazijafanyiwa lolote, tuliziita alama ghafi. Tulizijumlisha, tukazigawa kwa idadi ya watoto, tukapata wastani wa shule. Kisha shule zikapangwa kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na orodha ikabandikwa ubaoni nje ya ofisi. Nimewaona walimu wakuu, watu wazima wenye wajukuu, wakisoma ubao ule kuanzia mkiani, wakitafuta jina la shule yao.

Karatasi zenyewe zilitungwa na majopo, yaani vikundi vya walimu waliochaguliwa. Milimani walikuwa na jopo lao, na upande wa Taveta walikuwa na lao. Hilo halikumsumbua mtu, maana kila upande ulikuwa na orodha yake.

Halafu akaletwa Mkurugenzi mpya wa elimu wa kaunti, mtu wa bara, mchapakazi kwelikweli, ambaye hakutaka kuona karatasi mbili pale ambapo moja ingetosha.

"Orodha mbili za nini?" akaniuliza. "Kaunti ni moja. Nipangie shule zote kwa ukurasa mmoja."

Bwana Mutua alikuwa Mombasa akitibiwa macho, nami nilikuwa nimeshikilia kiti chake. Nikaona ni nafasi ya kuonyesha kwamba nafaa. Nikazipanga shule zote pamoja alasiri moja, nikatia sahihi yangu chini. Shule moja ndogo ya Mata, upande wa Taveta, ikaangukia mwisho kabisa.

Ijumaa iliyofuata mwalimu mkuu wa shule hiyo akaitwa. Jina lake Mwalimu Mkawasi, mama mwembamba mwenye sauti ya chini. Mimi nilikaa pembeni nikiandika yanayosemwa.

"Mwalimu, shule yako ndiyo mkia wa kaunti," Mkurugenzi akamwambia. "Una la kusema?"

"Nina la kuuliza, bwana. Hao waliotutangulia walifanya mtihani upi?"

"Mtihani ni mtihani."

Akamweleza kwamba Jumatatu ya wiki ya pili angepata barua ya kumvua ukuu wa shule, na darasa lake la saba lote lingerudia mwaka. Mwalimu Mkawasi alikunja kitambulisho chake cha kazi mkobani. Alisimama, akanitazama mimi niliyetia ile sahihi, akatoka.

Swali lake sikuweza kuliweka kando. Alasiri hiyo hiyo nikafungua kabati, nikatoa karatasi mbili za hesabu, nikazilaza mezani ubavu kwa ubavu. Ya milimani iliuliza: tafuta robo tatu ya sitini. Ya Taveta iliuliza: mkulima alipanda mahindi kwenye robo tatu ya shamba lake, ndovu wakakanyaga theluthi ya mahindi hayo, je, ni sehemu gani ya shamba iliyobaki na mahindi? Mada ni ile ile, sehemu. Lakini mtoto wa kwanza alipiga hatua moja akafika, na wa pili alipaswa kusoma, kuelewa, kutoa, kisha kuzidisha. Nikageuza ukurasa baada ya ukurasa. Hali ilikuwa hiyo hiyo mpaka mwisho.

Nikampigia Bwana Mutua hospitalini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Usimbishie kwa maneno," akasema. "Tafuta maswali ya pamoja. Katika kila somo chukua nusu ya maswali huku na nusu kule, wape watoto wa pande zote mbili, siku moja, saa moja. Hapo ndipo utajua nani anajua na nani alipewa mzigo mzito."

Jumatatu nikaingia kwa Mkurugenzi.

"Bwana, ile orodha niliikosea mimi."

"Ulijumlisha vibaya?"

"Nilijumlisha vizuri, lakini vitu visivyojumlishika."

Alikasirika. Aliniuliza kama nilitaka awaambie wakubwa wake kwamba hajui shule ipi ni nzuri. Nikamjibu kwamba kwa wakati huo ndivyo ilivyokuwa, hajui, na mimi pia sijui. Mwishowe akanipa mpaka Ijumaa.

Jumatano mwenzangu wa ofisini akapanda Mwanda, mimi nikaelekea Mata na bahasha zilizofungwa. Karibu na Salaita ndovu walikuwa wamesimama barabarani na watoto wao, hawana haraka. Tulizima gari tukangoja. Saa ilipokaribia nikapiga simu Mwanda, nikaomba wasifungue bahasha mpaka niwaambie. Tulianza tumechelewa, lakini tulianza pamoja.

Watoto walipoinama kuandika, Mwalimu Mkawasi alinifuata nje.

"Mwalimu," akasema, "ukikuta ni kweli hawajui, andika hivyo hivyo. Sitaki kuonewa huruma."

Karatasi zilisahihishwa na walimu wawili bila kuonyeshwa majina ya shule. Nilipofungua na kulinganisha, nilirudia hesabu mara tatu kwa kuogopa furaha yangu mwenyewe. Watoto wa Mata walikuwa sawa na wa Mwanda. Kwenye hesabu waliwapita kidogo, kwenye insha ya Kiingereza walikuwa nyuma, na nikaandika yote mawili.

Mkurugenzi alisoma ripoti yangu mara mbili.

"Kwa hivyo nilitaka kumshusha mwalimu kwa sababu ya karatasi ngumu."

"Tulitaka, bwana."

Akavuta mtoto wa meza, akatoa ile barua iliyokuwa imeshapigwa chapa, akaichana, na darasa la saba la Mata likaruhusiwa kuvuka. Kisha akatoka mwenyewe hadi ubaoni, akaing'oa orodha mbele ya watu. Mimi nilikaa kwenye benchi la ukumbini nikacheka peke yangu. Si wote waliofurahi. Mwalimu mkuu wa shule iliyokuwa ya kwanza alikuja kunifokea, na hatukusalimiana karibu mwaka mzima.

Tangu hapo tulitumia alama sanifu, yaani kuangalia mtoto amesimama wapi kati ya wenzake waliofanya karatasi ile ile, na katika kila mtihani tukaweka maswali ya pamoja. Kazi iliongezeka maradufu. Usingizi ukawa mtamu.

Sasa nimestaafu, niko hapa Voi na kuku wangu. Mitaala imebadilika, mitihani ina majina mapya, na majirani huniletea ripoti za watoto niwaambie kiwango hiki ni sawa na alama ngapi za zamani. Huwaambia sijui, na sioni haya tena kusema hivyo. Juzi binti mmoja aliyeajiriwa karibuni katika ofisi nyingine alinipigia.

"Shikamoo, mwalimu. Nina shule mbili hapa, na mkubwa anataka kujua ipi imeanguka."

"Marahaba, mwanangu. Walifanya karatasi moja?"

Nikasikia makaratasi yakipekuliwa, moja baada ya jingine, kwa muda mrefu.

"Hapana, mwalimu," akasema mwishowe. "Si moja. Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie bado hujui. Halafu uombe siku tatu."

Alicheka, akashukuru, akakata simu. Nami nikatoka kuwamwagia kuku mahindi.