Alama Mbili za Chaki

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa fagio. Kiwanda cha kukoboa kahawa kilikuwa nje kidogo ya Isansa: banda la mabati, injini ya dizeli, na mashine ya kukoboa iliyosimikwa juu ya magogo. Nilifagia maganda hadi Fundi Mkuu aliponiita.

"Binti, weka kiganja hapa kwenye fremu. Si hapo. Hapo utarudi nyumbani na mkono mmoja."

Nikaweka. Mtetemeko ulinipanda hadi kwenye meno.

"Huo ndio mwalimu wako," akasema. "Hachapi, lakini hasemi mara mbili."

Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita. Baba na mama walikuwa wametutoka ndani ya mwaka uleule, na siku ya kuondoa matanga wakubwa walikaa wakatugawa. Baba mdogo angemchukua mdogo wangu Elia. Shangazi, aliyeolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, angemchukua Subira, mdogo wetu wa mwisho. Mimi nikasema tutakaa pamoja, nitafanya kazi.

Shangazi alinitazama kwa huruma. "Msimu huu mmoja tu, mwanangu. Wakikuachisha kazi, nakuja na begi langu."

Basi nilijifunza kwa bidii ya mtu anayeona begi kila alalapo. Shafti ni chuma kirefu kinachozunguka na kubeba puli, yale magurudumu ya kupitisha mkanda. Mkanda huchukua nguvu ya injini na kuipeleka kwenye shafti. Beringi ni kiti ambacho shafti huzungukia. Gurudumu letu zito la kutunza mwendo lilikuwa na uzito zaidi upande mmoja, kosa la waliolitengeneza, na hapakuwa na namna ya kulisawazisha pale kijijini.

Katikati ya msimu Fundi Mkuu aliitwa Saza, kwenye vinu vya kusaga mawe ya dhahabu. Mashine akaniachia mimi. Kabla hajaondoka alinipeleka kwenye uzio, ambako mtu alikuwa amepanda maharage ya kutambaa.

"Utazame huu mzabibu wa maskini," akasema. "Kila mmoja unazunguka mti wake kwa upande uleule. Ufungue, uuzungushie upande mwingine, uone."

Niliufungua, nikaugeuza, nikaufunga kwa uzi. Baada ya siku chache ncha yake ilikuwa imerudi kwenye upande wake. Hakuna aliyeufundisha. Nilisimama pale na fagio mkononi nikasahau nilichokuwa nafagia.

Ndipo taabu ikaanza. Magogo yalianza kupasuka, bolti zikalegea, na Meneja akatoa amri: mkono wa mafuta, ule unaoongeza na kupunguza kasi ya injini, usipite nusu. Kila mtu pale alikuwa na tabia hiyohiyo, mashine ikitetemeka, punguza. Lakini kwenye nusu ndipo ilipotetemeka zaidi.

"Tangu ushike wewe, banda linacheza ngoma," Meneja akaniambia. "Jumamosi namleta mwanamume wa kazi hii."

Habari ilifika Nakonde kabla ya Jumamosi. Habari za mpakani hazisubiri muhuri.

Nilichukua chaki. Nikapandisha mafuta kidogo kidogo. Nilipofika nusu, niliongeza, na kasi haikupanda. Mafuta yote yaliliwa na mtetemeko. Hofu ilinishika, lakini nikaongeza tena. Ghafla kasi ya gurudumu ikaruka juu, na mashine ikatulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Nikachora alama pale mkono ulipofika. Kisha nikapunguza, nikitarajia mtetemeko urudi palepale. Haukurudi. Niliteremka hadi nusu, nikapita nusu, bado imetulia. Ilianza kutetemeka chini kabisa. Nikachora alama ya pili.

Baina ya alama hizo mbili, mkono ukiwa mahali pamoja, mashine ilikuwa na tabia mbili. Ipi ungeipata ilitegemea ulikotoka. Nilirudia mara nyingi siku ile, maana sikuamini.

Jumamosi Meneja alikuja na yule mwanamume. Nyuma yao, getini, nikamwona Shangazi na begi.

"Mashine moja, alama mbili?" Meneja akacheka. "Umekunywa nini, binti?"

"Chai, Meneja. Nipe na yako."

Nikaweka kikombe chake kwenye fremu, nikapandisha mkono hadi nusu. Chai ikaruka, ikamwagika. Yule mwanamume akasema, "Punguza."

Nikaongeza. Meneja akarudi nyuma hatua mbili. Mashine ikaruka, ikatulia. Kisha polepole nikarudisha mkono hadi nusu, palepale alipoamuru yeye.

Chai iliyobaki haikuwa na hata kiwimbi.

Meneja akainama akakitazama kile kikombe kwa muda mrefu. "Nusu ni ileile?"

"Ileile, Meneja. Sasa mkono uko ndani ya amri yako."

Akamgeukia yule mwanamume. "Samahani, ndugu. Nimekusumbua bure."

Shangazi alikuwa ameingia ndani bila kuitwa. "Sasa hiki kidude ndicho kinachoninyima mtoto," akasema. Jioni alirudi Nakonde, begi limejaa maharage.

Baadaye nilimfuata Fundi Mkuu kule Saza, kisha nikahamia Tunduma, kwenye gereji ya kusawazisha shafti za malori. Nilimweleza Fundi Mkuu habari ya chaki. Akasema gurudumu lililokosewa, likivuka kasi ile ya hatari, huacha kugombana na beringi, likajizungusha kwenye kitovu cha uzito wake lenyewe. Nimezunguka na vyuma maisha yangu yote, na neno hilo bado linanisimamisha nywele.

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana mna vipimo vyenye kioo cha kusomea. Vitumieni, lakini wekeni na kiganja. Nyumbani kwangu nina maharage ya kutambaa, na kila mwaka naufungua mmea mmoja na kuugeuza.

"Utauchosha, dada," Subira huniambia. Ana wajukuu sasa, na nyumba yake iko nyuma ya yangu. Ya Elia iko mbele.

Baada ya siku chache Subira huja mwenyewe kuutazama, kabla yangu.