Babu wa Kwenye Kioo

Kinyozi alitaka jambo moja tu kwa mjukuu wake: kumnyoa nywele za kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Aliliagiza siku ile ile mtoto alipozaliwa, huko mbali binti yake alikoolewa, mwendo wa ndege mbili. "Mtu asiguse kichwa hicho," alisema. Binti akatii. Mtoto akatimiza mwaka, kisha mwaka na nusu, nywele zikawa kichaka, na kila aliyekutana na mama yake njiani akamsifia binti yake mzuri, ilhali mtoto ni wa kiume.

Lakini mtoto asiyekujua hakupi kichwa chake. Anakupa mayowe na mateke. Kinyozi alilijua hilo, maana katika miaka ishirini na sita ya kazi alishang'atwa mara tatu. Ilibidi mjukuu amzoee kabla hawajaonana, na njia ilikuwa simu ya video tu.

Hiyo simu nusura imtoe roho. Saa ambayo mtoto alikuwa macho na ameshiba ndiyo saa ambayo wateja walijazana kwenye benchi. Simu ikiita, kinyozi aliiegemeza kwenye chupa ya spiriti, kwenye rafu iliyo nyuma ya kiti, ikaelekea kioo kikubwa cha ukutani. Kisha aliendelea na kichwa cha mteja huku akizungumza na mjukuu kupitia kioo, kama alivyozungumza na dunia nzima. Walikuwepo wateja aliowanyoa tangu wakiwa wanafunzi na hakukumbuka lini aliwatazama usoni moja kwa moja. Swali lilikwenda kwenye kioo, na jibu likatoka huko huko.

"Baba, geuka basi," binti alimwambia kila mara. "Tunaona mgongo wako."

"Kwani kwenye kioo hamnioni?"

"Tunakuona, lakini..."

"Sasa shida iko wapi? Mimi nawaona vizuri tu. Bwana mdogo! Sema babu! Ba-bu!"

Bwana mdogo alilamba simu. Au alibonyeza kitufe chekundu, na maongezi yakaishia hapo. Siku moja picha iliganda mtoto akiwa amefumba jicho moja, na kinyozi akaikenulia meno dakika nzima bila kujua. Siku nyingine alionyeshwa dari, dari tupu, mpaka mshona viatu wa jirani, aliyekuwa ananyolewa, akauliza, "Mzee, mjukuu wako ni ile taa au ni feni?" Ilibaki kidogo aondoke na kipara ambacho hakukiomba.

"Huyu mtoto hanijui!" kinyozi alifoka.

"Baba, mtoto mdogo hahojiwi," binti naye alikuwa amechoka. "Kila siku sema babu, sema babu, utadhani uko kituo cha polisi. Cheza naye."

Kinyozi alinung'unika, lakini alisikia. Akaanza kujifunika uso kwa taulo mbele ya kioo, kisha anaifunua ghafla: "Huyooo!" Mtoto akacheka. Kesho yake akacheka zaidi. Ikawa kila siku taulo, wateja wakisubiri na povu kidevuni, na baada ya miezi miwili mtoto akanyoosha kidole na kutamka bila kulazimishwa, "Babu!" Siku hiyo kinyozi alimnyoa mtu upande mmoja, akavua koti la kazi na kwenda kuwatangazia majirani.

Hatimaye wakaja, kwa siku kumi. Kinyozi alivaa suti, akaenda kuwapokea uwanja wa ndege, akanyoosha mikono. Mtoto alimtazama mara moja tu, akapiga yowe lililowageuza hata wabeba mizigo.

"Amechoka na safari," binti alisema.

Kesho yake hakuwa amechoka, na yowe lilikuwa lile lile. Kinyozi alileta taulo. "Huyooo!" Mtoto akajificha chini ya meza. Siku ya tatu ndiyo iliyomvunja moyo: mtoto aliichukua simu, akampita babu yake bila kumwangalia, akampa mama yake huku analia, "Babu! Babu!"

"Si huyu hapa babu!" mama akasema.

Mtoto akatikisa kichwa na kuzidi kuilia simu. Kinyozi alitoka na kubamiza mlango. Mwaka mzima na ushee wa kujidhalilisha mbele ya wateja, kwa ajili ya hili! Alikwenda zake kazini, akashika mkasi, na asubuhi ile hakuna aliyethubutu kumtania.

Saa nne binti alimfuata, mtoto mgongoni. Kinyozi alikuwa amewapa kisogo, anamalizia kichwa cha mtu.

"Babu!"

Mtoto alikuwa ameelekeza kidole kwenye kioo, anacheka mpaka anatikisika. Kinyozi akageuka kwa furaha, mikono wazi. Kicheko kikakatika, mdomo ukaanza kupinda. Akageukia kioo. Kicheko kikarudi.



"Nilikwambia ugeuke, Baba," binti alisema polepole.

"Uliniambia."

Wakamketisha kwenye mapaja ya mama yake, kitini, uso kwa kioo. Kinyozi alisimama nyuma, akaanza na mkasi, kidogo kidogo. Mtoto alimkenulia yule mzee wa kwenye kioo, akampungia mkono, akampigia kelele za mapenzi. Kinyozi alimwonea wivu mzee yule, wivu wa kweli, unaochoma. Nywele alizozingoja tangu siku ya kwanza zilikuwa zinaanguka kwenye viatu vyake, na mwenye kichwa hakujua ni nani anayemnyoa.

Mtoto akapeleka mkono kichwani kutafuta kichaka chake. Akakuta vidole. Akavishika, akaviangalia kwenye kioo, kisha akaviacha na kuvishika tena. Halafu akainua uso juu kabisa, taratibu, kutazama ni vya nani.

Kinyozi alitulia, mkasi hewani, akamtazama. Safari hii hakumwambia aseme kitu.