Lungo la Jirani Yangu

Jirani yangu akipepeta muchele, anafukuza makapi kama wageni waliokaa sana: «Mwende! Mwende kwenu!» Mukono wake wa kushoto ulipolemaa, watu walisema lungo limemushinda. Na kwetu, mama wa bibi-arusi njo anapepeta muchele wa ndoa, na binti yake alikuwa karibu kuolewa. Siku ya kupepeta, wifi yake, Mama Dorothée, akafika na kitenge kipya. «Wifi, leta lungo. Wewe kaa tu.» Jirani hakukaa. Aliegemeza ukingo wa lungo tumboni, akarusha kwa mukono wa kuume, akadaka, akarusha tena. Muchele ulibaki mweupe. Makapi yote yakatua kichwani kwa Mama Dorothée. «Mwende! Mwende kwenu!» Sijui aliambia makapi ao wifi, lakini vyote viwili viliondoka.