Siku Niliyojifunga Taya

Nikianza na aibu yenyewe nitashindwa kuimaliza, kwa hiyo nivumilieni nianze na jogoo wa baba yangu. Baba alimnunua Njombe mjini, mimi nikiwa bado mtoto wa kaptula isiyo na kifungo, akamtia kwenye gunia, akampandisha lori, halafu akambeba kwa miguu mpaka kwetu Mawengi, na kule kukaa gizani safari nzima kukamvuruga akili, maana tulipomfungua mchana kweupe alilala, jua lilipozama akaanza kuwika. Mama alishika kichwa. Jogoo wa kuwika watu wakila chakula cha jioni kwetu ni mkosi, akachinjwa kabla hajalizoea banda (nyama ilikuwa ngumu, tuliitafuna kama mkanda). Nililia, nikasema mngempa siku mbili tatu angejirekebisha, lakini nani amsikilize mtoto, tena ambaye shule yenyewe aliishia darasa la tatu, na hilo la tatu hakulimaliza.

Sasa mtaniuliza jogoo huyo anahusiana nini na mzee mzima kukimbia uani na bukta mbele ya watu wa jumuiya. Nafika.

Mke wangu alipofariki, mwanangu Adeli alinitoa Mawengi akaniweka nyumbani kwake Lyamkena, pale Makambako. Adeli ni dereva wa lori, siku nyingi yuko njiani, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi, mkewe Mama Neema, na upepo (Makambako upepo nao ni mpangaji). Mkwe wangu simsemi vibaya hata kidogo. Alikuwa analeta chakula, anapiga magoti, ananiamkia, "Kamwene, baba," anaweka, anaondoka, na chumbani kwangu haingii hata kwa kufagia, maana kwetu mkwe kuingia anapolala baba mkwe wake ni jambo ambalo halifanyiki, kama ambavyo mimi nisingeingia kwao hata nyumba ingekuwa inaungua. Lakini heshima ya namna hiyo kwenye nyumba ndogo inachosha, jamani. Yeye akienda kuoga mimi natoka nakwenda kusimama barabarani kama mtu anayesubiri gari. Mimi nikikohoa yeye anazima redio. Nikawa nataka kitu kimoja tu duniani, chumba changu cha kupanga, nikohoe ninavyotaka.

Ndipo Bosi Sanga, mwenye yadi ya mbao karibu na barabara kuu, akasema anatafuta mlinzi wa usiku.

"Mzee, wa kwanza nimemfukuza kwa kulala," akaniambia. "Wezi wamepakia mbao kwenye fuso, wakamfunika turubai asipigwe na baridi, wakaondoka zao. Wewe unalala?"

"Bosi, mimi usingizi niliuacha Mawengi."

"Basi uanze Jumatatu."

Nikampigia simu Sesilia, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye ni nesi huko Njombe na zamu za usiku anazijua. Akanieleza vizuri sana, siwezi kumsingizia. "Mjomba, usikurupuke. Sogeza usingizi polepole, leo chelewa kulala kidogo, kesho chelewa zaidi. Ukilala mchana ziba mwanga, ziba kelele, na uwaambie watu wa nyumbani kwamba umelala wasikusumbue."

Yote hayo niliyaelewa. Ila kuwaambia watu wa nyumbani nikaona hapana. Mama Neema akijua, Adeli atajua, na Adeli angesema baba yake hawezi kwenda kukaa getini na rungu watu wakamcheka yeye. Nikasema nitawaambia nikishapata chumba. (Hapo ndipo pa kunichapa, hayo mengine yote yalijileta.) Na lile la polepole nalo nililiruka, maana Jumatatu ilikuwa imekaribia, nikaamua nigeuze usiku na mchana mara moja kama yule jogoo wa gunia, usiku wa Ijumaa nikakesha mzima nikinywa chai ya rangi, asubuhi macho yalikuwa kama ya chura.

Jumamosi, Mama Neema alipoenda sokoni, nikajiandaa. Blanketi nikaligongomea dirishani kuzuia mwanga, kwa hiyo kitandani nikabaki na shuka, lile jeupe. Nikachomoa pamba kwenye mto nikaziba masikio. Komeo nikalifunga kwa ndani. Tatizo likabaki kukoroma, kwa sababu mimi nikikoroma jirani wa tatu anajua, na mkwe angeshangaa baba anakoroma saa nne asubuhi, basi nikachukua kitambaa cha kichwa cha marehemu mke wangu nikajifunga taya, nikapitisha chini ya kidevu mpaka utosini, fundo hapa juu. Cha pili nikafunga macho. Nikalala chali, mikono kifuani ili nipate joto. Mnaona mlivyonyamaza? Mimi sikuona. Mtu aliyeosha na kusitiri maiti za wenzake wengi, sikujiona!

Yaliyofuata nimesimuliwa. Mama Neema alileta uji mlangoni. "Kamwene, baba." Kimya. Akaleta chakula cha mchana, uji umeganda pale pale. Akagonga, akaita, akapiga simu yangu akaisikia ikilia ndani na haipokelewi. Kuingia haruhusiwi na mume hayupo. Akakimbilia kwa katekista, jirani yetu, wakaja na watu wa jumuiya, wale tunaosali nao nyumba kwa nyumba, wakagonga wee, mwisho wakasukuma blanketi la dirishani kwa mti.

Wakaniona. Shuka jeupe, taya limefungwa, pamba masikioni, mikono kifuani.

"Mama yangu!" katekista akasema. "Mzee amejiandaa mwenyewe!"

Nikawaza baadaye kwamba hapo wangevunja mlango wanaume, lakini wanaume walirudi nyuma wote, kwa sababu mtu kufa ni jambo la kawaida, ila mtu kufa akiwa ameshajifunga taya hawajawahi kuliona. Aliyeingia ni Mama Neema. Mkwe wangu alipanda lile dirisha, akaingia chumbani kwangu ambako hakuwahi kukanyaga, akanishika mguu. Wa baridi kama jiwe la mtoni. Akapiga ukelele ambao mimi, namshukuru Sesilia na pamba yake, sikuusikia.

(Nimeuliza kwa nini hakuna aliyeweka sikio kifuani kwangu. Kila mmoja alidhani mwenzake ameweka.)

Basi msiba ukaanza. Adeli akapigiwa simu, akaliacha lori Tunduma kwa mwenzake, yuko njiani analia. Akina mama wakabandika sufuria la kande, nyimbo zikaanza, mtu akatumwa kuagiza mbao za jeneza. Na katekista na mzee mwenzake, komeo Mama Neema ameshalifungua, wakaingia na beseni kuniosha.

Maji ya Makambako mnayajua kwa baridi. Yalinigonga tumboni nikaruka mpaka nikajipiga kichwa ukutani, sioni, sisikii, kuna mikono inanishika, nikajua ni wezi! Nikapiga kelele na kelele haitoki, taya limefungwa, inatoka "Mmmmm!" Beseni likaanguka, katekista akapita dirishani na miwani yake, mimi nikapapasa mlango nikachomoka uani na bukta na sweta, kitambaa usoni, mikono mbele, "Mmmmm!" Nyimbo zilikatika katikati ya neno. Watu walikimbia na viatu vya wenzao. Sufuria la kande likamwagika, nikakanyaga maharage ya moto, nikaruka, nikagonga kitu kigumu, nikajifungua macho. Ilikuwa piki-apu. Nyuma imepakia mbao. Na mlangoni mwake amesimama Bosi Sanga, ambaye alikuwa amezileta mwenyewe kwa heshima, hajui marehemu ni nani.

Nikafungua taya.

"Mzee," akasema Bosi, taratibu sana, "si wewe ndiye mlinzi wangu wa Jumatatu?"

"Ndiyo, bosi. Nilikuwa najizoesha."

"Wameita. Wamegonga. Wamelia, wameimba, wamekuosha." Akawatazama watu, akanitazama tena. "Na wewe usingizi uliuacha Mawengi."

Mtu mmoja akacheka nyuma ya banda la kuku, kisha wote, kicheko kile cha watu waliokuwa wanatetemeka. Bosi akageuza gari. Zile mbao zikaondoka, na chumba changu kikaondoka nazo.

Mtu ambaye hakukimbia wala hakucheka ni Mama Neema. Alikuwa amesimama pale pale, akaivua kanga ya begani akanirushia nijisitiri, uso ameuelekeza ukutani.

"Baba, nilikushika mguu," akauambia ukuta.

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa wa baridi."

"Blanketi lilikuwa dirishani."

Akatikisa kichwa, akainama kuokota maharage moja moja na mchanga wake, nikajua kwamba kesho yake akipiga magoti na kusema kamwene, wote wawili tutakuwa tunauona ule mguu.

Sesilia ananiambia mpaka leo, "Mjomba, nilikwambia uwaambie." Aliniambia. Siku hizi hata nikisinzia kanisani naacha mdomo wazi kabisa, atakayekerwa na akerwe.

Nikaingia ndani, nikavaa suruali na koti, nikang'oa misumari, nikalikunja blanketi langu. Adeli alikuwa bado yuko njiani. Katekista, amekaa kwenye kiti cha msiba anafuta miwani, akauliza, "Mzee, unakwenda wapi tena?" Nikamwambia nakuja. Nikapita kwenye maharage, nikavuka barabara bila kuangalia upande wa yadi, nikapanda gari la Njombe, na Lyamkena sijarudi.