Bahari ya Kabatini

Watu wamefuga kuku jikoni, wamefuga njiwa darini, na yupo mmoja aliyefuga kinyongo mpaka kikaota ndevu. Lakini bahari ndani ya kabati la nguo? Hiyo aliifuga Fundi Baridi peke yake.

Alikuwa fundi wa friji, mrefu, mkimya, mwembamba kiasi kwamba ukimtazama ubavuni unamkosa. Mikono yake ilikuwa ya baridi tangu kuzaliwa. Akishika kikombe cha chai, chai inaomba blanketi.

Alikaa chumba kimoja, ghorofa ya tatu, yeye na mkewe, mpaka mkewe alipomtangulia mbele ya haki. Ndugu za marehemu wakaja wakagawana nguo, wakamwachia nusu ya kabati tupu. Basi ikawa kila akifungua mlango wake kutafuta shati, mlango wa pili nao unajifungua, na henga tupu zinagongana ke ke ke, kama wanawake wanaomcheka mtu. Alijaribu kuhamishia mashati yake machache upande ule. Akayarudisha siku ileile. Alijiona kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake aliyetoka nje kidogo tu.

Siku moja aliitwa kutengeneza friji ya kuhifadhia chakula cha samaki kwenye duka la samaki wa mapambo. Mwenye duka alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, waliyemwita Mama Chumvi. Kazi ilipokwisha, fundi akainua macho akaona tangi. Ndani yake matumbawe yalikuwa yakipepea bila upepo, na samaki wa rangi ya chungwa walikuwa wakipita katikati kama watu wenye nyumba yao. Fundi alisimama pale mpaka kivuli chake kikachoka, kikaketi.

"Nataka hii," akasema.

"Una nyumba kubwa?"

"Nina nusu kabati."

Mama Chumvi akacheka mpaka samaki wakahamia upande wa pili. "Baba, tangi dogo ni gumu kuliko kubwa. Kwenye maji mengi kosa linapotea. Kwenye maji machache kosa linakutafuta mpaka mlangoni. Usitie humo kitu chochote bila kuniuliza."

"Sawa."

"Chochote, fundi."

"Nimesikia, mama."

Akang'oa ufito wa kutundikia henga. Akaimarisha sakafu ya kabati kwa vyuma vya friji kuukuu, akakata vioo, akavigandisha kwa gundi ya silikoni, akafunga taa juu na pampu nyuma. Alipojaza maji mara ya kwanza, tangi likavuja usiseme. Mshona nguo wa chumba cha chini, aliyekuwa shoga wa marehemu, akapanda ngazi na sindano bado iko mdomoni.

"Shemeji! Kwangu mvua inanyesha, na nje jua linawaka!"

"Samahani, shemeji. Ni bahari."

"Bahari ndiyo ipande ghorofa ya tatu? Huko chini ilikosa nini?"

Akaziba, akajaza upya, akakoroga chumvi ya bahari aliyopimiwa na Mama Chumvi. Akatia mchanga, akapanga mawe, kisha akaambiwa na Mama Chumvi asubiri. Maji lazima yazoeane na mawe wiki nyingi kabla ya kutiwa kiumbe. Basi jioni zote akawa anaketi mbele ya kabati lililo wazi, anatazama mawe, nayo mawe yanamtazama.

"Mawe yako hayajambo, shemeji?" mshona nguo alimuuliza kila wakipishana kwenye ngazi. "Yanakula?"

"Yanakula kuliko mimi," akajibu, na hapo hakutania. Tangu msiba alikuwa akila amesimama.

Hatimaye uhai ukaingia. Kwanza konokono wadogo, halafu vipande vya matumbawe visivyozidi ukucha, halafu samaki mmoja mwenye majivuno. Mwisho kabisa akaja kamba mdogo mwekundu, mwenye mstari mweupe mgongoni na masharubu marefu kuliko ukoo wake. Huko baharini kamba huyo kazi yake ni kuwasafisha samaki. Huwapanda mwilini na kuwatoa taka, na samaki hutulia kama mteja kitini.

Jioni moja jiwe likaanguka. Fundi akazamisha mkono kulisimamisha. Kamba akatoka pangoni, akaja, akapanda kidole gumba, akaanza kumtoa ngozi iliyokufa kandokando ya kucha. Vijiguu vilimgusa kama sindano zisizotaka kuchoma. Fundi hakupumua. Mkono ule ulikuwa umeshika spana, nyundo na magurudumu ya friji za watu mwaka mzima, na hakuna aliyekuwa ameushika wenyewe. Alipoutoa majini ulikuwa umekunjamana kama wa mzee wa miaka mia mbili.

Akampa yule kamba jina la Kinyozi. Tangu siku hiyo kazi yoyote iliyovuka alasiri aliikataa. Anarudi, anasuuza mikono kwa maji bila sabuni, anakunja mkono wa shati, anaenda kwa Kinyozi. Na kama wateja wote wa vinyozi, alipiga soga: nani kakuta panya kwenye friji, nani kaficha viatu kwenye barafu. Kinyozi hakujibu, ila hakuondoka.

Ndipo likaja joto. Joto gani! Mijusi walitembea kwa ncha za vidole, na nzi waliruka kwa zamu. Ndani ya kabati maji yakapanda moto, matumbawe yakasinyaa.

Mtu mwingine angempigia simu Mama Chumvi. Lakini fundi friji akaulize habari za baridi kwa muuza samaki? Samaki hafunzwi kuogelea. Akachukua bomba la shaba la friji mbovu, akalizungusha kama mkia wa kinyonga, akalisugua kwa msasa mpaka likang'aa, akalizamisha tangini. Kompresa akaificha nyuma ya kabati. Kufika jioni maji yalikuwa yamepoa, akamwita mshona nguo aje aone.

"Yallah, shemeji! Kama bangili za bibi harusi!"

Akacheka. Mshona nguo alisema baadaye kwamba alikuwa amesahau kama yule bwana ana meno.

Asubuhi matumbawe yote yalikuwa yamejifumba. Konokono walikuwa chini, chali. Fundi akaona bado ni joto, akaongeza baridi. Jioni akazamisha mkono, akangoja. Kinyozi hakuja. Alimkuta nyuma ya jiwe, amelala ubavu, masharubu yakitetemeka. Ndipo akapiga simu.

"Umetia nini?" akauliza Mama Chumvi.

"Sijatia kitu. Baridi tu."

"Baridi haitiwi kwa kijiko, fundi. Umeitia kwa kitu gani?"

"Kwa bomba."

"Bomba la nini?"

"La shaba."

Mama Chumvi akasema polepole, bila mzaha, "Litoe. Muweke kamba kwenye maji mapya, safi. Samaki atastahimili. Kamba na matumbawe, shaba kwao ni sumu."

"Atapona?"

"Mtoe kwanza, baba."

Akamchota kwa kikombe, akamtia kwenye ndoo ya maji ya chumvi aliyokuwa ameyaandaa. Akaingiza mkono, akamwekea kiganja chini yake asigonge plastiki. Kinyozi akashika kidole kwa mguu mmoja. Baadaye hakushika.

Mshona nguo akachungulia mlangoni. "Shemeji, mbona kimya hivi? Pampu yako imehama?" Akaona ndoo, akaona mkono bado uko ndani, akameza mzaha uliokuwa umeshafika ulimini. Akaketi juu ya sanduku la vyuma. Halafu mteja akamwita kutoka chini, ikambidi aende.

Matumbawe nayo hayakufumbuka tena. Fundi akalivunja tangi, maana shaba ilikuwa imeshaingia mpaka kwenye mawe. Akampeleka yule samaki wa majivuno dukani ndani ya ndoo. Mama Chumvi akammimina kwenye tangi kubwa, naye akaogelea zake bila hata kwaheri.

"Makosa yangu," akasema fundi. "Uliniambia niulize."

"Nilikwambia."

Akasimama, akitazama maji. "Mama, kamba kama yule huishi miaka mingapi?"

"Michache. Miwili, mitatu. Akitunzwa sana."

"Kwa hiyo hata bila shaba angenitangulia."

"Angekutangulia," akasema Mama Chumvi. Alikuwa mcheshi, lakini mwongo hakuwa.

Fundi akatazama mikono yake, upande huu na upande ule.

"Nipimie chumvi tena," akasema.

Akaibeba begani mpaka ghorofa ya tatu, akifunguliwa njia na paka wa ngazini. Alipoingia chumbani akasema "Hodi," kwa mazoea ya zamani. Hakuna aliyeitika. Akajaza ndoo maji, akamimina chumvi, akavuta kiti, akaanza kukoroga.