Nilikula kwa Huyu

Niliporudi Goma kutoka Bunagana, nilikokuwa nikibeba mizigo mpakani, nilimkuta shangazi mtaani Ndosho, kwa ndugu wa marehemu mume wake. Vita ilikuwa imemtoa Masisi. Nyumba nzima ilikula bugali kwenye sinia moja. Yeye alikaa kando ya jiko na kisahani chake cha plastiki. Ziwa lake la kushoto lilikuwa gumu kama jiwe.

Walisema ni karuho, sumu ambayo kwetu mtu hutiliwa kwenye chakula ikamla polepole. Mganga alikwisha kumtapisha mara tatu, kisha akasema dawa haitashika mpaka ataje alikokula. Shangazi hakujua. Basi ikasemwa kwamba mjane asiyetaja alikokula ana mwanaume wa kumficha. Shemeji yake alimpa mpaka Jumapili. Asiposema, arudi Masisi, kwenye risasi.

Shule niliiacha mapema, kuuliza sikuacha. Nilimpeleka hospitali. Daktari alisema ni kansa, haiambukizi wala haitoki kwenye sahani ya mtu, akatupatia karatasi: Jumatatu apasuliwe. Nilidhani jina hilo litamwokoa, nikalitaja mbele ya wote. Wanawake wakavuta watoto wao karibu. Shemeji akauliza ni dhambi gani humletea mtu ugonjwa wa namna hiyo.

Jumapili mganga alipouliza tena, shangazi alininyooshea kidole.

"Nilikula kwa huyu. Ile nyama kavu aliniletea mwaka jana."

Sikuwahi kumletea hata dagaa.

"Mutu wa kuzungukazunguka," shemeji akasema. "Nilijua."

Walinisukuma nje. Nikiwa mlangoni nilimwona shangazi akivutwa kwenye sinia, na mikono mingine ikimsogezea maharage. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Sikujua kama amejiokoa au amewapa ruhusa ya kumtapisha mpaka afe.

Jumatatu nilisimama tangu asubuhi kwenye kituo cha pikipiki tulikopandia siku ile ya hospitali, kofia imeshushwa hadi machoni, kwa maana anayeitwa mtia sumu hupigwa bila kuulizwa. Saa tatu ikapita. Saa nne nikaanza kuhesabu kila kitenge cha kijani kama chake.

Shangazi alikuja polepole, mkono kifuani.

"Mutoto wangu, unisamehe. Wewe unaweza kufukuzwa, una miguu. Mimi nilikuwa na nyumba ile tu."

Nilimpandisha nyuma ya dereva, nikakaa nyuma yake. Njia nzima ya hospitali niligeuka kutazama kama tunafuatwa.