Kinga Aliyokataa Kuitoa Afra

Afra binti Abdulwahid alizaliwa Mkomani, mtaa wa Lamu ambao gari halijapita tangu ulipojengwa, maana ndia zake punda wawili wakikutana mmoja sharti arudi nyuma. Basi watu huuliza, mtoto wa humo aliyajuaje magari? Aliyajua kwa kujifunza. Wako waliozaliwa na gari mlangoni na hawajui hata maji hutiwa wapi.

Mamake, Bi Hadil, alitaka ashone kofia. Akashona mbili, zote zikatoka upande. Akapelekwa Mombasa kwa khalati yake, dada ya mamake, ajifunze keki, na ng'ambo ya nyumba ya khalati palikuwa na gereji ya Ghassan, fundi wa magari ya mashindano. Keki hazikuonekana. Mwaka wa kwanza Ghassan alimwachia kufuta mafuta tu. Wa pili alimwachia plagi. Wa tatu alimketisha mbele ya laptopu akamfundisha kazi ambayo wanaoijua pwani hii ni wachache: kuitoa kompyuta ya kiwandani iliyo ndani ya gari, kutia nyingine, na kuihesabia upya mafuta kiasi gani na moto lini. Tena kwa magari ya turbo, ambayo ndiyo magumu. Turbo husukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu, na hewa ikizidi, mafuta nayo sharti yazidi. Yakipungua injini hujichoma yenyewe, pistoni ikatoboka.

Aliporudi Lamu hakumwomba mtu ruhusa. Kila asubuhi huvuka kwa boti hadi Mokowe, magari yaliko, akalitundika buibui msumarini mwa gereji yake, ovaroli analo chini yake. Waliosema walisema. Walipochoka walimletea magari.

Wa kwanza kumletea gari la turbo ni Husni wa Chundwa. Husni hununua kambamawe kwa wavuvi wa Pate, huwapakia kwenye masanduku yenye magunia mabichi kwa maji, na ni lazima wafike Mombasa wangali hai, maana aliyekufa hana mnunuzi. Afra akamtilia kompyuta mpya na hesabu zake, na ndani ya hesabu hizo akaweka kinga: turbo ikisukuma na mafuta yakapungua, kompyuta ikate nguvu papo hapo, kabla injini haijaungua. Miezi mitatu gari likaruka, na Husni akamtaja Afra kila alikosimama kunywa chai.

Mwezi wa nne likaanza kukwama. Ukilikanyaga polepole linakwenda. Ukilikanyaga kwa nguvu lashtuka, lakata, kama mtu aliyepaliwa.

Husni alilileta asubuhi stendi ya Mokowe imejaa watu, wala hakungoja kufika gereji.

"Bi Afra, umeniharibia gari. Masanduku mawili yamenifia ndiani. Watu walinambia, Husni, injini mkononi mwa mwanamke ni mtungi mgongoni mwa punda. Sikusikia."

Watu wakacheka. Afra akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mtungi haujavunjika," akasema. "Lilete ndani."

Nyuma ya Husni alikuja Kariuki, fundi wa malori mwenye gereji upande wa pili wa barabara, mtu wa Nyahururu asiyekosa neno.

"Madam, hii shida ni rahisi. Si ile kinga yako ndiyo inakata? Itoe tu, gari liende."

"Liende mpaka wapi?"

"Mombasa."

"Litafika Minjila tu, njiani. Hapo pistoni itatoboka, na wewe hutakuwapo kulivuta."

Husni akasema, "Kesho alfajiri nina mzigo. Itoe, au Kariuki aing'oe kompyuta yako aitupe baharini, na mimi niwambie watu kwa nini."

Hapo ndipo jambo lilipokuwa zito. Kinga ikitolewa, gari litakwenda kesho, na injini ikifa keshokutwa itakuwa imeuawa kwa mkono wa Afra mwenyewe. Kompyuta ikitupwa, hakuna wa kumletea gari tena, kutoka Mokowe hadi Faza, na miaka yote ya Mombasa imekwenda na maji.

"Sitoi," akasema. "Nipe hadi alasiri. Nawe uketi hapa uone kwa mato yako, usije ukasema nilificha kitu."

Husni akaketi juu ya tairi. Kariuki naye akaketi, na hakualikwa.

Afra hakuzigusa hesabu. Zilizofanya kazi miezi mitatu hazijibadilishi zenyewe; kilichobadilika ni kitu kingine, na hicho ndicho cha kutafutwa. Akatoa plagi: nyeupe, dalili ya mafuta kidogo. Akapima pampu ya mafuta: nzima. Akamwambia Husni ashike usukani, yeye akaketi kando na laptopu mapajani, wakatoka kwa barabara iendayo mji wa Hindi.

Mbele ya dereva palikuwa na saa ya sindano inayoonyesha upepo wa turbo, yenye mpira wake peke yake kutoka kwenye injini. Husni akakanyaga. Sindano ikaruka juu. Kwenye laptopu, namba ya upepo ule ule ikapanda taratibu kama mzee kwenye ngazi. Gari likakata.

"Rudia," akasema Afra. Likakata tena.

"Saa inasema turbo inasukuma sana," akamwambia. "Kompyuta inaambiwa inasukuma kidogo, basi inatoa mafuta kidogo, na kinga ikiona yamepungua inakata. Kuna kinachoidanganya. Geuza."

Gerejini akaufungua mpira mwembamba unaopeleka upepo kwenye sensa, kile kidude kinachoipimia kompyuta. Akaupuliza, pumzi haikupita. Akaupasua kwa kisu. Ndani mlikuwa na utomvu mweusi, ukiuvuta unafuata kidole kama urimbo. Akanusa. Gari zima la Husni hunuka samaki, ndiyo maana pua haikumwambia kitu mapema. Lakini huu haukuwa uvundo wa kambamawe. Babu yake Afra alikuwa na mashua mbili, na utotoni Afra alizipaka mafuta haya mpaka akafukuzwa penye sinia la chakula.

"Bwana Husni, haya ni mafuta ya papa."

Husni akatazama ukuta.

"Uliyatia lini?"

"Nilipolivusha gari kwenda Pate, arusi ya dadangu. Mai ya chumvi yaliruka hadi ndani ya boneti. Nikaona nipake waya na mipira. Babangu hupaka vyombo vyote vya baharini, na hakuna hata kimoja kilicholiwa na chumvi."

"Ungepaka nje nisingesema neno. Ndani ulitia kwa nini?"

"Ubao hunywa," akasema Husni. "Nikaona mpira nao unywe."

Kariuki alicheka hadi akateleza kwenye tairi.

Joto la injini lilikuwa limeyapika yale mafuta mpaka yakaganda. Afra akatia mpira mpya, akaisafisha sensa, wakarudi barabarani. Safari hii sindano na namba zilipanda pamoja, na gari likavuta hivi kwamba Husni mwenyewe ndiye aliyeondoa mguu kwanza.

Waliporudi akasema kwa sauti ya chini, "Yamekwisha, Bi Afra. Wambie watu ni waya. Mimi mtoto wa fundi wa vyombo, watanicheka hadi Faza."

"Uliniita mtungi mbele ya stendi."

"Nilikuwa na hasira."

"Na mimi nilikuwa na furaha? Ufunguo huu hapa, gari ni lako. Lakini usipoyasema pale pale uliposema yale, siku likikwama tena usinitafute. Mtafute Kariuki."

"Mimi sitaki," akasema Kariuki. "Turbo ya petroli siijui. Nilikuwa naongea tu."

Husni akatoka hadi stendi. Afra akasimama mlangoni, mikono kifuani.

"Gari halikuharibiwa na Bi Afra," Husni akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba sindano kwa jirani.

"Hatusikii," akasema Bi Barka, muuza mahamri.

"Halikuharibiwa na Bi Afra. Mpira uliziba."

"Kwa nini?"

"Mafuta ya papa."

"Nani aliyetia mafuta ya papa ndani ya gari?"

Husni akakwaruza shingo. "Mimi."

Stendi ikacheka mpaka utingo mmoja akasahau abiria wake. Afra hakucheka. Husni akarudi, uso umemwiva, akasimama karibu naye.

"Sasa maadamu mpira ni mpya, ile kinga si uitoe? Nifike mapema kidogo."

"Itakaa humo hadi gari liuzwe chuma chakavu," akasema Afra, akaingia ndani kufungua boneti ya mtu mwingine.